Maswali ya Wasomaji: Mfalme Bhadravarman wa Wacham na ukoo ulioshikwa na akina mama

Toleo lililopita niligusia kidogo Mỹ Sơn, yale mahekalu ya matofali mekundu yaliyojificha bondeni katikati ya Vietnam, nikamtaja mfalme Bhadravarman kwa sentensi mbili alafu nikaendelea na mengine. Aisee meseji zimeingia nyingi, na maswali yenyewe ni mazuri kweli, kwahiyo leo ukurasa wote nampa yeye na watu wake. Wacham ndo waliokuwa na falme zilizoitwa Champa kwenye ile pwani ya Vietnam ya kati na kusini, kabla Wavietnam hawajashuka kutoka kaskazini.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia hapa Morogoro. Huyo Bhadravarman ndo mfalme wa kwanza wa Wacham? Na alitawala lini hasa, maana mtandaoni kila mtu anaandika miaka yake.

Mwalimu shikamoo. Hapana, si wa kwanza. Vitabu vya Wachina vinaanza na mtu anaitwa Khu Liên, huyu mwaka 192 aliongoza uasi huko Tượng Lâm, wilaya ya mwisho kabisa kusini ya utawala wa Kichina, wakamuua ofisa mkuu wa hapo na yeye akajitangaza mfalme. Wachina nchi hiyo wakaiita Linyi. Baadaye kiti kikapita kwa wengine, mpaka kwa mmoja aitwae Phạm Văn ambae alianzia chini kabisa, alikuwa mtumwa nyumbani kwa chifu mmoja, akapanda akawa mshauri wa mfalme na mwaka 336 mfalme alipokufa akakikalia kiti mwenyewe, akafa 349. Kwahiyo mpaka tunafika kwa Bhadravarman watu wameshatawala na kupinduana karibu miaka 200.

Sasa kwanini yeye ndo anatajwa sana? Kwasababu hao wa mwanzo tunawajua kwa midomo ya jirani zao tu, Wachina, ambao muda mwingi walikuwa wanapigana nao, na we mwenyewe unajua adui akikuandikia historia inakuwaje. Bhadravarman yeye aliacha maneno yake mwenyewe, yamechongwa kwenye jiwe kwa Kisanskriti, lugha ya kale ya dini ya India, pale pale Mỹ Sơn. Na hilo jiwe halina mwaka! Ndo maana unakuta kila mtu anaandika lake. Wataalamu wanakadiria kwa sura ya herufi kwamba ni mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa ya 5, na wengi wanamlinganisha na mfalme ambae Wachina walimwita Phạm Hồ Đạt, aliyeshambulia majimbo yao mwaka 399 na akapotea vitani mwaka 413, ndo hapo ile "380 mpaka 413" inapotokea. Ukiwafundisha watoto waambie miaka hiyo ni ya makadirio mwalimu, usiwaandikishe kama tarehe ya uhuru.

Jiwe lenyewe linasema nini. Linasema mfalme ametoa ardhi kwa mungu Bhadresvara, yaani Shiva wa Wahindu, ila ukiangalia jina vizuri utaona mfalme amechukua jina lake Bhadra akaliunganisha na Isvara, Bwana, kwahiyo mungu na mfalme wanaitana jina. Ardhi imetajwa mipaka yake kwa milima, na mazao yake ni ya hekalu. Sisi tungesema wakfu, na kweli ndo hivo hivo, mali imefungwa haiuzwi wala hairithiwi. Alafu anawageukia wafalme watakaokuja baada yake, anawaambia ukiuharibu huu wakfu basi mema yako yote uliyotenda katika maisha yako yote yatakuwa yangu, na mabaya yangu yote yatakuwa yako, ila ukiutunza vizuri thawabu ni yako peke yako. Mimi hii sehemu kila nikiisoma nasimama kwanza. Mtu ana jeshi, ana tembo, ana nchi, lakini anajua akishakufa hana cha kumzuia mjukuu wake asiuze shamba isipokuwa hayo maneno. Na yalishika kweli, maana wafalme waliendelea kujenga na kukarabati na kuandika kwenye bonde lile lile mpaka karne ya 13.

SWALI: Nimesoma mahali kwamba mtoto wa Bhadravarman aliacha ufalme akaenda zake India kuhiji. Ni kweli au hadithi? (Msomaji, dada wa Mombasa)

Dada yangu hili ndo swali nililolipenda kuliko yote, maana kuna mashahidi wawili ambao hawakujuana kabisa na wanasema kitu kinachofanana.

Wa kwanza ni Wachina. Wanasema baada ya Hồ Đạt, yule wanaemlinganisha na Bhadravarman, akaja mwanawe, jina lake Wachina waliliandika Địch Chân. Mdogo wake akachukua mama yao wakakimbia. Mfalme akaumia sana kwamba ameshindwa kukaa na mama yake na ndugu yake, akaamua kuacha nchi aende India, na kiti akampa mpwa wake, mtoto wa dada yake. Waziri mkuu akamsihi asiondoke akakataa kusikia. Sasa huyo mpwa alipokaa tu akamuua waziri aliyepinga, mtoto wa waziri nae akalipiza akamuua mpwa, akawekwa mwingine wa ukoo, nae akauawa na mtoto wa mfalme wa Funan, ufalme wa jirani, yaani ikawa damu juu ya damu mpaka ofisa mmoja akatuliza ghasia na kujifanya mfalme yeye.

Shahidi wa pili ni jiwe la Mỹ Sơn la mwaka 658, zaidi ya miaka 200 baadae, limeandikwa na mfalme Prakasadharma anapohesabu wazee wake. Anaanza na mfalme Gangaraja, anasema huyu aliacha ufalme ambao ni mgumu kuuacha, akaenda kwenye mto Ganga, mto mtakatifu wa India, kwasababu kuuona ule mto ni furaha kubwa. Basi. Hamna mama aliyekimbia, hamna waziri. Hata jina lenyewe Gangaraja maana yake ni mfalme wa Ganga, linaendana na hiyo safari.

Wengi wanasema ni mtu mmoja, na mimi nakubaliana nao. Ona tofauti ya wanaosimulia sasa, jirani anakumbuka ugomvi wa nyumbani, na kitukuu anakumbuka hija. Si kwamba mmoja anadanganya. Mtu aliyevunjikiwa na familia akaamua kwenda kutafuta amani mbali, kwa watu wa nje ni aibu na kwa watoto wake ni utakatifu, na hivo vyote vinaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Ila angalia kitu kimoja dada, kiti hakumpa mtoto wa kaka yake wala wa mdogo wake. Alimpa mtoto wa dada. Na hiyo inanipeleka kwenye swali linalofuata.

SWALI: Sisi huku Masasi ukoo ni wa kwa mama, mjomba ndo mwenye sauti. Nimesikia na hao Wacham wako hivo hivo, sasa mbona wafalme wao wanatajwa wanaume tupu?

Ndugu yangu umeuliza penyewe. Wacham mpaka leo, hasa wale wa upande wa Phan Rang, kusini mwa Vietnam, wanahesabu ukoo kwa mama, mwanaume akioa anahamia kwa mke, na nyumba na mali vinashikwa na mabinti, hasa binti mdogo wa mwisho. Kwenye ufalme wanaotajwa kweli ni wanaume, ila ukifuatilia wamefikaje pale, mara kwa mara unakuta mwanamke ndo daraja.

Nikuhesabie kidogo kwa lile jiwe la 658. Baada ya Gangaraja anatajwa Manorathavarman. Alafu anakuja Rudravarman, ambae baba yake alikuwa Brahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu, si mtu wa kiti kabisa, lakini upande wa mama anatoka kwa mabinti wa Manorathavarman, na hiyo ndo iliyompa haki ya kukaa. Wachina walimtambua karibu mwaka 530. Wakati wake hekalu la Bhadresvara liliungua moto, inadhaniwa lilikuwa la mbao. Mwanawe Sambhuvarman akalijenga upya, na akafanya kama babu yao wa zamani, akaunganisha jina lake, mungu akaitwa Sambhubhadresvara. Umeona hilo? Hakulifuta jina la Bhadravarman. Alilitanguliza la kwake na la mzee akaliacha palepale.

Huyu Sambhuvarman ndo aliyepata pigo kubwa mwaka 605. Jenerali wa Kichina Liu Fang alishuka na jeshi, Wacham wakatoka na tembo wa vita, Wachina wakachimba mashimo wakayafunika kwa majani alafu wakajifanya wanakimbia, tembo wakaingia, wengine wakapigwa mishale wakageuka na kukanyaga watu wao wenyewe. Mji mkuu ukaporwa. Na kati ya vilivyobebwa kulikuwa na mabamba 18 ya dhahabu ya wafalme waliotangulia, pamoja na vitabu vya Kibudha zaidi ya 1,300. Mabamba 18! Yaani kulikuwa na mahali ambapo ukoo wote umewekwa kwa dhahabu, mzee baada ya mzee, na ukaondoka siku moja kwenye mizigo ya askari. Jeshi lenyewe lilipigwa na maradhi njiani wengi wakafa, na Liu Fang mwenyewe akafa, ila mabamba hayakurudi. Inaniuma kila nikifika hapa, kwasababu majibu ya nusu ya maswali yenu ya leo yalikuwa pale.

Sambhuvarman alirudi akaendelea kutawala mpaka kama 629, akamfuata mwanawe Kandarpadharma, mtu wa amani, alituma zawadi China ikiwemo kasuku wa rangi tano ambae inasemwa alilalamika baridi mpaka mfalme wa China akaamuru arudishwe kwao. Alafu mwanawe, Prabhasadharma, mwaka 645 akauawa na waziri wake pamoja na wanaume wa ukoo wake. Hapo ingekuwa ni ukoo wa kwa baba tu, hadithi imeisha, funga kitabu.

Lakini haikuisha. Kwanza akawekwa Brahmini mmoja kwasababu alikuwa mkwe wa ukoo, yaani haki yake inatoka kwa mke. Wakubwa wakamtoa, wakamweka binti wa Kandarpadharma mwenyewe akae kwenye kiti. Mambo hayakutulia, ndipo wakamwita nyumbani mwanaume wa ukoo aliyekuwa amekimbilia Kambodia, na huyo Wachina wanamtaja kuwa ni mtoto wa shangazi wa Kandarpadharma. Tena mama! Huko Kambodia kulikuwa na mtu wa ukoo wa kifalme wa Kicham aitwae Jagaddharma, alioa Sarvani, binti wa mfalme Isanavarman wa Wakhmer, wakamzaa Prakasadharma, na huyu ndo akaja kutawala kuanzia miaka ya 650, akachonga lile jiwe la 658.

Na ndo maana jiwe lake ni refu hivo ndugu yangu. Mtu amezaliwa ugenini, mama yake mgeni, ukoo umechinjwa, lazima aeleze yeye ni nani. Akahesabu upande wa Champa mpaka kwa Gangaraja, alafu hakuishia hapo, akahesabu na upande wa mama yake pia, mpaka kwenye ile simulizi ya Wakhmer ya Kaundinya Brahmini aliyechomeka mkuki wake ardhini na kumuoa Soma, binti wa mfalme wa nyoka. Mfalme wa kwa baba tu asingehangaika na bibi nyoka wa nchi ya jirani. Yeye kwake ilikuwa ni nusu ya cheti chake.

SWALI: Mimi ni Mngazija naishi Unguja. Kuna mtu kaniambia lugha ya hao Wacham ina undugu na Kimalagasi. Hii imekaaje?

Imekaa sawasawa. Kicham, Kimalei na Kimalagasi ni lugha za familia moja, Kiaustronesia, watu wa mashua waliotawanyika kuanzia visiwa vya Pasifiki mpaka Madagaska hapo jirani yenu. Hata Kibushi cha Mayotte kimo humo humo.

Na ushahidi wa zamani kabisa wa Kicham unatoka enzi hizi hizi za Bhadravarman. Kuna jiwe la Đông Yên Châu, karibu na Trà Kiệu, linakadiriwa mwisho wa karne ya 4, na ndo maandishi ya zamani zaidi yaliyopatikana kwa lugha yoyote ya Kiaustronesia, zamani kuliko Kimalei kwa kama miaka 300. Linahusu nyoka mtakatifu wa mfalme, anayelinda kisima. Linasema atakaemheshimu vito vitamwangukia kutoka mbinguni, na atakaemtukana atakaa motoni miaka elfu pamoja na vizazi saba vya ukoo wake. Sasa sikiliza maneno yenyewe, "elfu" imeandikwa saribu, na Kimalei ni seribu, na Kimalagasi ni arivo, ile ile iliyoko kwenye jina la Antananarivo. "Mwaka" imeandikwa thun, Kimalagasi ni taona. Unaweza kumuuliza jirani yako wa Kibushi leo jioni ukamsikia mwenyewe.

Kinachonigusa kwenye hili jiwe ni kwamba lile la wakfu wa hekalu liliandikwa Kisanskriti, lugha ya makuhani, lakini la kisima limeandikwa Kicham, nadhani kwasababu kisimani wanaenda akina mama na watoto, na onyo lazima lieleweke na anayechota maji.

SWALI: Mji mkuu wao uliitwa Simhapura, mji wa simba. Je hilo "simba" letu limetoka huko?

Hapana, inafanana tu. Simha ni Kisanskriti, ndo hiyo hiyo iliyomo kwenye jina la Singapore. Simba yetu ni ya Kibantu, na lugha za Kibantu za bara ndani kabisa ambako hajawahi kufika mfanyabiashara wa Kihindi zinalo neno la mzizi huo. Na Simhapura yenyewe ndo Trà Kiệu ya leo, kijiji kando ya bonde la mto Thu Bồn, ukichimba shamba unakutana na matofali.

SWALI: Je, hao wafalme kuna kitu chochote kimebaki? Na Wacham wenyewe bado wapo? (Msomaji wa Bukoba)

Wapo sana. Vietnam pekee ni zaidi ya laki moja na nusu, na Kambodia ni wengi kuliko hao, wengi wao huko ni Waislamu. Mỹ Sơn iko kama kilomita 70 kutoka Đà Nẵng, palikuwa na majengo zaidi ya 70 na sasa yamebaki yanayosimama machache. Mnara mkubwa na mzuri kuliko yote, ambao Wafaransa waliupa alama A1, ulisimama miaka elfu alafu ukaangushwa na mabomu ya Marekani mwaka 1969. UNESCO waliiandikisha sehemu hiyo kama urithi wa dunia mwaka 1999. Ukienda, pitia kwanza makumbusho ya sanamu za Kicham Đà Nẵng, iliyofunguliwa 1919, kuna kitako cha madhabahu cha mawe kutoka hekalu E1 cha karne ya 7, wamechongwa watu wa dini wakipiga zumari, wakicheza, wakifundisha, wakipumzika, utakaa hapo nusu saa bila kujua.

Ila kama unaweza kuchagua siku, basi nenda wakati wa sikukuu ya Kate, kama mwezi wa 10 hivi, huko Phan Rang. Wacham wenye dini ya zamani wanapanda kwenye mahekalu ya wafalme wao wa baadae kama Po Klong Garai na Po Rome, ambao kwao ni miungu sasa, wanawaosha na kuwavisha nguo za kifalme. Na hizo nguo hazikai kwa Wacham. Zinatunzwa milimani na watu wanaoitwa Raglai, wanashuka nazo siku hiyo kwa ngoma na zumari. Ukiwauliza kwanini wageni ndo wanatunza nguo za mfalme, watakwambia si wageni hao, Cham ni dada mkubwa na Raglai ni mdogo wake, na urithi wa nyumba anaushika binti wa mwisho.